UZI: Bunduki ni ile ile, risasi zile zile, ila ukibadili mshiko na pozi risasi inatua pengine. Tuelezane

Mwana wa Rungwa:

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni mrefu kidogo, nauandika kwa ajili ya wenzangu wenye raifo za vibali, wawindaji wenyeji, askari wanyamapori na vijana wanaoanza kuongoza wageni vitaluni. Kuna kitu nimekaa nacho tangu msimu uliopita na naona watu wengi hatukijui, tunalaumu darubini, tunalaumu risasi, tunampelekea fundi bunduki nzima wakati shida iko kwenye mikono yetu.

Nina raifo ya Brno, kalibo .375, ya zamani, mbao zake zimeshakula jua miaka mingi lakini mtutu uko safi. Kabla msimu haujaanza niliiziro vizuri kabisa, yaani kurekebisha darubini mpaka risasi itue ninapotaka, meza, mifuko miwili ya mchanga (ile ya unga wa sembe nimeshona upya), mita 100 zimepimwa kwa futi kamba sio kwa hatua. Risasi tatu ziliingia kwenye tundu unaloweza kulifunika kwa kiganja na nafasi ikabaki, zote sentimita 5 juu ya alama kama nilivyotaka. Nikafunga begi nikasema hii kazi imeisha.

Wiki ya pili porini tukapata kongoni dume, amesimama ubavu, kama mita 120. Sikuwa na stiki (fimbo za kuegemezea bunduki), mzee wetu wa kufuata nyayo ndo alikua nazo na alikua nyuma. Nikaona panda la mti, nikalaza mtutu hapo, pametulia kabisa, alama haitikisiki, nikavuta triga taratibu kama inavyotakiwa. Kongoni akapiga magoti akainuka akaondoka. Tulipofika pale tukakuta manyoya mafupi ya mgongoni na damu kidogo sana. Tumemfuata mpaka giza, kesho yake alfajiri tukaendelea, tulimpata saa nne asubuhi akiwa bado yuko hai. Risasi ilipita juu kabisa, imekwangua pale nyama inapokutana na mfupa wa mgongo, sentimita kumi na kitu juu ya pale nilipolenga. Mnyama ameteseka usiku mzima na mimi nilikua na uhakika asilimia mia kwamba nimelenga sawa. Na kweli nililenga sawa, hilo ndo lililoniumiza zaidi.

Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulilaza nini pale kwenye mti, mbao au chuma?" Nikamwambia chuma. Akasema, "Mwanangu, chuma ikilala juu ya mti inaruka kabla risasi haijatoka."

Tuliporudi kambini niliomba ruhusa nikajaribu, nimetumia siku mbili maana .375 sio bunduki ya kupiga risasi 15 asubuhi moja, bega linaanza kuogopa na ukishaanza kuogopa matokeo yote ni ya uongo. Nilipiga tatu tatu, nikiacha mtutu upoe katikati, shabaha ni karatasi za boksi zenye duara la mkaa, mita 100, darubini sijaigusa hata mbofyo mmoja.

Mifuko ya mchanga, mkono wa kushoto umeshika mbao ya mbele: sentimita 5 juu, kama mwanzo.

Mbao ya mbele imelazwa moja kwa moja juu ya gogo la mninga, sijaishika kwa mbele: zote tatu zimepanda, ya chini ilikua sentimita 9 juu na ya juu kabisa 12.

Mtutu wenyewe juu ya gogo, kama nilivyofanya kwa kongoni: sentimita 16, na zimetawanyika, moja imeenda kushoto sijui ilifuata nini.

Nimekaa chini, viwiko ndani ya magoti, mkanda umebana mkono wa kushoto: zimeshuka, risasi mbili chini kidogo ya alama na moja kwenye alama yenyewe.

Stiki, nimesimama, mkono wa kushoto umeshika fimbo na mbao kwa pamoja: zimekaa kati, juu ya alama sentimita 2 au 3 hivi, zimetawanyika zaidi lakini ni mimi niliyekua natikisika.

Sasa angalieni, kutoka kukaa na mkanda mpaka kulaza mtutu kwenye gogo ni tofauti ya karibu sentimita 17, bunduki moja, boksi moja la risasi, mpigaji mmoja. Moyo na mapafu ya kongoni ni eneo la kama sahani kubwa ya chakula. Tofauti hiyo inakutoa ndani ya sahani kwenda nje.

Naomba wenye uzoefu mchangie, hasa mliopita jeshini.

---

Kitonga:

Mkuu pole kwa kongoni lakini mimi sikubaliani. Risasi ya .375 inatoka na mita kama 770 kwa sekunde, mtutu una sentimita 60. Bunduki itapata wapi muda wa kusogea? Teke unalisikia begani wakati risasi imeshafika mbali. Risasi ikitoka imetoka. Mimi naona ulivuta triga vibaya kwa sababu ya haraka, wala sio aibu inatukuta wote.

---

Mwana wa Rungwa:

Kitonga ndugu yangu swali lako ni zuri na hata mimi nilikua naamini hivyo hivyo, kwahiyo nakujibu taratibu.

Ni kweli unalisikia teke baadae, lakini kusikia ni kazi ya mwili na mwili ni mzito. Bunduki yenyewe inaanza kurudi pale pale risasi inapoanza kwenda mbele. Ukiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini, mtumbwi hausubiri utue ndo urudi nyuma, unarudi wakati mguu wako bado unasukuma. Ndo ilivyo.

Na inahesabika. Risasi yangu ni ya grein 300, yaani gramu 19.4. Baruti ni kama gramu 4.7, na nayo inasukumwa mbele, tuseme nusu yake inahesabika ndani ya mtutu. Jumla kama gramu 22. Bunduki na darubini yake ni kilo 4 na nusu. Risasi ikitembea sentimita 55 ndani ya mtutu, bunduki inarudi nyuma kwa uwiano wa uzito, 22 kwa 4500, unapata milimita 2 na nusu mpaka 3. Yaani kabla risasi haijaona jua bunduki imeshatembea karibu milimita 3, na muda wote huo ni elfu moja ya sekunde na kidogo.

Ingekua inarudi nyuma moja kwa moja kwenye mstari wala tusingejali. Tatizo mtutu uko juu na kitako kinakaa chini yake, kwahiyo bega linazuia chini, nguvu iko juu, mdomo wa mtutu lazima upande. Bunduki ya urefu wa mita moja, mdomo ukipanda milimita moja tu kuliko kitako, kule mita 100 ni sentimita 10. Milimita moja mkuu! Unene wa kadi ya benki ni milimita 0.76.

Ukiiziro bunduki, kule kupanda kidogo tayari kumo ndani ya hesabu, darubini umeirekebisha pamoja nako. Ila umerekebisha kupanda kwa pozi ile ile uliyopigia. Ukibadili kinachoizuia, yaani bega, mkono, mkanda, gogo, kupanda kunabadilika na hesabu yako inakua ya bunduki nyingine.

Wenye bastola nao wanalijua hili bila kujua sababu yake. Bastola moja, risasi nzito inayotoka polepole mara nyingi inapiga juu kuliko nyepesi ya haraka, umbali mfupi. Watu wanashangaa. Ni kwa sababu ile ya polepole imekaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi wakati mdomo unapanda.

---

Kitonga:

Hapo kwenye mtumbwi umenikamata. Ngoja nikajaribu na .30-06 yangu nitaleta majibu.

---

Afande Mstaafu:

Vijana habari. Nimefundisha shabaha miaka mingi, nilianzia kwa kuruta nikamalizia kwa wakufunzi, na alichoandika mwenzenu ndicho tulichokua tunakipigania kila asubuhi pale renji, uwanja wa shabaha.

Nyongeza yangu ni kwenye mwili. Kuruta akilala kifudifudi analala anavyotaka, mwili umekaa upande, miguu kushoto, bega limekabili bunduki kwa pembe. Akipiga, teke linamzungusha kwenye bega, risasi ya kwanza iko sawa, ya pili pembeni, ya tatu zaidi. Unamwambia nyoosha mwili nyuma ya bunduki, kiuno kifuate mtutu, risasi zinajikusanya. Hajajifunza kulenga kwa dakika hizo tano, kilichobadilika ni kile kinachozuia kitako.

Jingine ni kulazimisha. Utaona mtu alama yake iko kushoto kidogo ya shabaha anaivuta kwa mkono mpaka ifike katikati, alafu anapiga. Misuli imekaza, mlipuko ukitokea misuli inaachia, bunduki inarudi kule ilikokua inataka kwenda mwenyewe. Dawa yake tulikua tunawafanyisha hivi: kaa kwenye pozi, lenga, funga macho, pumua mara mbili, fungua macho. Alama imekwenda wapi? Huko ndiko mwili wako unakoelekea. Usivute bunduki, sogeza kiuno au kiwiko mpaka ukifungua macho alama iko pale pale. Kwa aliyelala anasogeza miguu, kwa aliyekaa anasogeza matako, kwa aliyesimama anahamisha mguu wa nyuma.

Na shavu. Ukilala kichwa kinakwenda mbele, ukisimama kinarudi nyuma na kuinuka. Kwenye bunduki ya SMG yenye saiti za chuma (vile vya kulengea juu ya mtutu) jicho likihama unaona mara moja kwa sababu zile saiti hazikai sawa. Kwenye darubini hutaona kitu, msalaba unaonekana uko katikati ya mnyama lakini jicho liko pembeni ya darubini na msalaba unatembea juu ya shabaha. Tikisa kichwa juu chini bila kugusa bunduki utauona unavyotembea. Shavu likae sehemu moja kwenye mbao pozi zote, hata kama ni kwa kufunga kitambaa pale unene uongezeke.

Mwisho, kitu kinachoguswa na mtutu. Mosin-Nagant za Urusi, ile modeli ya 1891/30, ziliziroiwa zikiwa na singe mdomoni. Ukiitoa singe risasi inahama. Kipande cha chuma tu mbele ya mtutu. Kwahiyo huyu mzee wa nyayo aliyeuliza mbao au chuma anajua kazi yake, mheshimuni.

---

Mtoto wa Muscat:

Assalam aleikum jamani. Mie niko Oman, asili yetu Unguja. Huku kulenga shabaha kwa bunduki za jadi ni mchezo wa watu, wazee kwa vijana, na ami yangu ana .303 ya Kiingereza anaipenda kuliko gari lake.

Bunduki ile mbao imefunika mtutu mpaka karibu na mdomo, kwa hivyo ukiibana mbao unaubana mtutu. Ami amefunga kitambaa chekundu kwenye mbao ya mbele, kidogo mbele ya magazini, na mkono wake wa kushoto haukai pengine popote ila pale. Nilidhani pambo. Siku moja nikapiga mie nimeshika mbele zaidi kwa sababu mikono yangu mirefu, nikaona nipo raha kabisa. Risasi zote zikakusanyika vizuri lakini chini na kulia. Ami hakuangalia hata shabaha, aliangalia mkono wangu akaniambia, "Rejea kwenye kitambaa." Nikarejea, zikarejea.

Na huku pwani hewa ina maji mengi, mbao inavimba na kusinyaa. Ami akipeleka bunduki milimani Jabal Akhdar hewa ni kavu, hupiga mbili tatu mwanzo kutazama imekwenda wapi kabla ya mashindano.

---

Mwana wa Rungwa:

Asante Afande, asante ndugu wa Muscat, hicho kitambaa chekundu naiba leo leo.

Kuhusu mkanda niongezee. Kuna bunduki za safari ambazo kishikizo cha mbele cha mkanda kimefungwa kwenye mtutu wenyewe sio kwenye mbao, wamefanya hivyo ili teke likija kile chuma kisikuchane vidole. Ni jambo zuri la kubebea. Ila ukikaa ukabana mkanda kwa nguvu maana yake unauvuta mtutu chini kwa mkono wako, risasi inashuka. Ukiwa na bunduki ya namna hiyo ama usitumie mkanda kulengea ama ujue kabisa inashuka kiasi gani.

Na wale wenye bunduki za mitutu miwili iliyolala sambamba, mjue mitutu ile haiko sambamba kweli, imeelekezwa kukaribiana kidogo kwa mbele. Ukipiga wa kulia bunduki inasukumwa juu na kulia kabla risasi haijatoka, wa kushoto inakwenda juu na kushoto. Fundi anaipiga kwa mkono, anayeyusha bati la kulehemu lililo katikati ya mitutu, anasogeza kabari, anapiga tena, mpaka mitutu yote miwili itue pamoja kwa risasi ya aina moja. Sasa wewe ukiichukua ukaifungia kwenye mashine au ukaikandamiza kwenye meza mpaka haipumui, umeizuia isifanye kile fundi alichokihesabu, alafu unasema bunduki imeharibika.

---

Baridi Kali:

Wakuu niko Leicester, mimi nina bunduki ya upepo ya springi tu, huku ikiwa chini ya futi-pauni 12, kama jouli 16, haihitaji leseni ya silaha. Naomba nitoe ushuhuda tofauti maana yangu ni kinyume cha Afande.

Hii kitu nilivyoinunua niliishika kama raifo kubwa, imara, bega limekaza. Mita 25 ilikua inatawanya kama imerogwa, nikabadili darubini, nikanunua aina nne za virisasi. Alafu mzee mmoja wa klabu akaniambia fungua kiganja. Mbao ya mbele ikae juu ya kiganja kilichofunguka, vidole visiguse, begani iguse tu, shavu liguse tu, iache iruke inavyotaka. Zilikusanyika siku ile ile, zinafunikwa na sarafu.

Alinieleza kwamba ndani kuna pistoni nzito inayokwenda mbele, kwahiyo bunduki inarudi nyuma, alafu pistoni inafika mwisho inagonga, bunduki inarukia mbele, na vyote hivyo kirisasi bado kimo ndani kinatembea polepole. Ukiikaza kila mara unaikaza tofauti bila kujua. Ukiilegeza, kulegea ni kule kule kila siku.

---

Mwana wa Rungwa:

Baridi Kali umeleta kitu kikubwa na wala sio kinyume. .375 nikiishika kwa kiganja wazi itanivunja nyusi na darubini, hiyo lazima mkono wa kushoto uvute mbao nyuma begani. Yako lazima iachiwe. Kilicho sawa kote ni kurudia, nguvu ile ile mahali pale pale.

---

Kitonga:

Wakuu nimerudi. Nimepiga jana renji na .30-06, grein 180. Mifuko ya mchanga sentimita 4 juu. Mbao kwenye ukingo wa meza ya saruji sentimita 8 na 9. Nikaweka koti langu limekunjwa juu ya ukingo ule ule, nikashika mbao kwa mkono, zimerudi 4 na 5. Naondoa nilichosema pale juu. Mkuu nisamehe.

---

Dada wa Pori:

Kaka naomba kuuliza. Mimi naanza kazi ya askari wanyamapori, tukipewa mazoezi tunapata risasi chache sana, tuseme kumi. Kwa haya yote mliyoandika risasi kumi nizigawe vipi? Maana nikifuata karatasi tano za tatu tatu sifiki.

---

Mwana wa Rungwa:

Dada yangu swali lako ndo la maana kuliko yote hapa.

Tatu za kwanza mezani, mifuko ya mchanga, mkono kwenye mbao, ili ujue tu bunduki yenyewe ni mzima na zinakusanyika. Usirekebishe saiti bado hata kama ziko pembeni kidogo. Nne piga kwenye pozi utakayoitumia kazini, kama unatembea na stiki basi stiki, kama hamna stiki basi kukaa au goti moja, maana ukisimama bila egemeo uwe umekosa kabisa njia nyingine. Hizo nne ndo urekebishe saiti kwazo, sio za mezani. Mbili piga baada ya kurekebisha, kuhakikisha. Moja ibaki, usiipige siku hiyo. Kesho asubuhi mtutu ukiwa baridi, kaa pozi ile ile, piga hiyo moja, maana porini risasi ya kwanza siku zote ni ya mtutu baridi.

Kabla ya hapo, wiki mbili tatu, fanya mazoezi makavu kwa ruhusa ya mkuu wako. Chemba tupu, angalia kwa jicho alafu ingiza kidole uhakikishe, risasi zisiwepo hata chumba hicho. Kaa kwenye pozi, fanya ile ya Afande ya kufunga macho, bonyeza triga, angalia msalaba umeruka upande gani. Nusu saa kila jioni. Mwili utajua kukaa kabla hujatumia risasi hata moja.

Na ukilazimika kuegemea kitu kigumu, kichuguu, gogo, bodi ya gari, tanguliza kofia au mkono wako, mbao ije juu ya mkono, mtutu usiguse kitu chochote. Mti ukiwa wa kusimama usiegemeze mtutu ubavuni, bunduki itaukimbia ule mti, ukiwa kulia kwako risasi inakwenda kushoto. Shika mti kwa kiganja, bunduki ikae juu ya dole gumba.

Hizo karatasi usizitupe. Andika tarehe, umbali, pozi, risasi gani, umeshika wapi. Yangu ya gogo la mninga nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la silaha, ile yenye sentimita 16, kila nikifungua kuchukua bunduki nakutana nayo.